Kikohozi Kilichomo Simuni

Bibi mmoja mjane, aliyekaa nyuma kabisa ya basi, hakupenda kudukua mambo ya watu, ila masikio nayo hayana pazia. Mbele yake mama mshonaji, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, alikuwa akimwonyesha fundi wa simu aliyeketi naye simu yenye tabia ya kujizima.

"Mama, hii inakata roho. Ina kitu cha maana humu?"

"Sauti ya marehemu mume wangu; hata binti yetu huiomba. Miaka sita nimeisikiliza mara mbili tu, isije ikachakaa."

Fundi alicheka hadi akashika kiti. "Hii si kanda ya redio! Sikiliza hata mara elfu. Tena mtumie binti yako sasa hivi, simu ikifa isife nayo."

"Nikimtumia, mimi nibaki na nini?"

"Inabaki kwako vilevile."

"Nikikugawia sukari, mwanangu, kopo langu linabaki limejaa?"

Ufundi wote ule, bibi aliwaza, umekwama koponi.

"Sauti si sukari, mama."

"Kwako wewe."

Basi likasimama. Mshonaji akateremka na simu yake mkononi, kisha akageuka. "Na kile kikohozi chake cha mwanzoni, nacho kitafika?"

"Kitafika, mama."

Mlango ukafungwa. Kupitia dirishani bibi alimwona amesimama kituoni, kidole kikiwa juu ya kioo kinachowaka, hakijagusa. Basi lilipoondoka, bibi akafumba macho akamwombea chaji.