Kiriba cha Mzee Halke

Wasikilizaji wapendwa wa Bandhora, mlio mashambani na mlio jikoni, nanyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Surat na Delhi mnakojenga nyumba za watu, kaeni nami kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Halke Raikwar wa kijiji cha Khamra. Mzee Halke, mtembeza wageni. Ametutoka katika mwezi huu wa Jeth, upepo ukichoma kama mdomo wa tanuri. Ametutoka akiwa kazini.

Mgeni aliyeshuka kituo cha reli akitaka kuijua wilaya yetu alikabidhiwa kwake. Maneno yake ya kwanza yalikuwa yale yale. "Karibuni Bandhora. Tuna ngome isiyo na mfalme. Tuna mto usio na maji. Tuna nyumba nzuri zilizofungwa kufuli, wenyewe wamekwenda mjini kutafuta chakula. Mkija wakati wa baridi mtatupenda. Mkija Jeth mtatuhurumia."

Wageni walicheka. Yeye hakuwa akitania.

Kisha aliwapeleka Baoripura, kwenye kisima cha ngazi. Hapo uso wake ulibadilika. Ngazi za mawe zinashuka na kushuka mpaka kwenye kivuli, na chini kuna maji ambayo hata mwaka ule mbaya wa ukame hayakukauka. "Onjeni," aliwaambia. "Bandhora nzima hakuna maji matamu kama haya."

Yeye hakuonja. Narudia, wasikilizaji: Mzee Halke mwenyewe hakuonja. Binti yake, Girja, ameolewa Baoripura. Nasi kwetu mzazi hanywi maji katika kijiji alikomwoza binti. Ukishamtoa mtoto, hupokei tena kitu kutoka upande ule. Hata tone.

Kwa hiyo alitembea na kiriba chake cha turubai, begani, kimejaa maji ya chumvichumvi ya Khamra. Wanawake wa Baoripura walimjua. "Mzee, unasifia maji uliyoyanywa ukiwa kijana! Siku hizi yameoza!" Naye akawajibu, "Yangekuwa yameoza, ndimi zenu zisingekuwa na nguvu hivyo."

Mkewe, Mama Ramsakhi, alinisimulia jinsi uchumba ule ulivyopatikana. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, hanitazami. "Walikuja watu wenye nyati na mashamba. Akawakataa. Nikamwambia, wewe mwanamume una wazimu? Akasema, Girja hatabeba mtungi kichwani juani kama mama yake. Nitamwoza penye maji. Basi akamwoza penye maji."

Siku ile ya mwisho alikuwa na wageni kutoka Kanpur. Walipanda ngome jua likiwa kali. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, akaishiwa nguvu. Mzee Halke akamkalisha ukutani, akamnywesha, akammiminia kichwani maji yaliyobaki. Kiriba kikalegea. Bibi akapona. Wakashuka hadi Baoripura.

Wageni walikunywa, wakanawa, wakarushiana maji. Girja akaja na lota ya shaba, kile chombo chetu kidogo cha kunywea maji, ushungi umemfunika uso. Haya ni maneno yake, aliyonisimulia mwenyewe.

"Nilimwambia, baba, midomo yako imepasuka. Kunywa. Akasema, wape wageni. Nikasema, wageni wanaoga, baba! Kunywa wewe. Akasema, Girja, usinitie aibu kwa wakwe zako."

Baba mkwe wake Girja alikuwa karibu. Naye akamwambia, "Mkwe, leo tufumbe macho. Nani atajua?"

Mzee Halke akacheka. "Wewe utajua. Kesho utanitangaza mpaka sokoni."

Watu wote wakacheka. Kicheko hicho, wasikilizaji, baba mkwe ananiambia bado anakisikia.

Akasema anakwenda kunywa kwenye bomba la kijiji cha pili, ng'ambo ya jiwe la mpaka. Si mbali. "Waangalieni wageni wangu, narudi sasa hivi." Akaondoka na kiriba kitupu.

Girja alisimama kidogo. Mke wa mtu hakimbii barabarani. Kisha akakimbia, lota mkononi.

Alimkuta ameanguka chini ya jiwe la mpaka, upande huu. Upande wa Baoripura. Alikuwa bado anapumua.

"Nikamwinua kichwa," anasema Girja. "Nikaweka lota mdomoni. Akanijua. Akafumba midomo, akageuza uso. Nikamwambia, baba, mimi ni mwanao. Akafumba midomo. Nikamsubiri. Nikamshika hivi, nikamsubiri. Pumzi ilipokatika ndipo nikammiminia. Hapo hakukataa."

Wageni waliondoka kwa treni ya jioni. Bibi yule alilia sana, hakuelewa ni nini kilichotokea. Kisima bado kina maji. Girja hayanywi. Anakunywa ya bombani, ng'ambo ya mpaka, na kila siku anayabeba kichwani, juani.

Mama Ramsakhi, Dada Girja, jamaa wote wa Khamra na Baoripura, poleni. Poleni sana. Sina neno lingine, nimelitafuta.

Nanyi kina baba mnaonisikiliza, naomba tufikiri. Siulizi kwa ukosefu wa adabu. Nauliza tu: binti yako akikunyooshea maji, ni nani anayeaibika?

Swali hili nilimuuliza kwanza baba yangu. Baada ya mavuno naolewa, Baoripura. Baba ndiye aliyepachagua, kwa sababu ya kisima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu akatoka.

Leo asubuhi amerudi kutoka sokoni. Amenunua kiriba.