Nyapara wa Kuigiza

Tumpe alijifanya amelala, maana ndani ya basi la Mbeya huwezi kusikiliza ya watu ukiwa umekodoa macho. Siti ya mbele, mkulima wa tumbaku alikuwa akimsimulia abiria mwenzake, mama mmoja wa Kihesa, habari za sherehe ya shule.

"Waliigiza watumwa waliovushwa bahari kwenda kulima tumbaku Amerika. Rozalia wangu akawa nyapara. Akashika fimbo, akafoka: 'Fungeni majani! Anayesinzia leo hali chakula!' Watu wakapiga makofi."

"Si ufurahi, Baba Rozalia? Mtoto ana kipaji."

"Mama, maneno yale hayamo kitabuni. Ni yangu, nawafokea wanangu kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kila msimu."

"Aa, sote tumelelewa hivyo. Kazi ndiyo malezi."

"Nilimuuliza kayatoa wapi. Akasema mwalimu aliwaambia kila mmoja amwaze mtu anayemjua."

Basi liliposimama Mafinga, mkulima akashuka bila kuaga. Mama akatoa simu, akapiga nyumbani, akauliza kwa sauti ya chini kama watoto wameshakula.