Mukono Gani?

Ndani ya taxi-bus iliyotoka Muhumba, Maman Eulalie alikuwa anaenda kupimwa tension, ule musukumo wa damu, mara ya pili. Mara ya kwanza infirmière, yule muuguzi wa hospitali, alisema dix-neuf, kumi na tisa, iko juu sana, na dada ya Maman Eulalie mwenyewe alikufa akiwa na dix-neuf hiyohiyo.

Mbele yake, mama mumoja muuza kabichi wa Mudaka alimutegea jirani yake, muzee wa kofia, kitendawili: “Papa, ananikaba mukono, lakini anayejibu ni moyo. Ni nani?”

“Mashini ya tension! Hata mutoto anajua,” akacheka yule muzee. “Lakini usiipe mukono wa kushoto, maman. Ule iko karibu na moyo, unaongeza maneno kama mama mukwe.”

“Ee citoyen, usidanganye watu!” muuza kabichi akamukatiza. “Ni ule wa kushoto unasema kweli. Wa kulia unalima, unatwanga, umezoea kuficha uchovu. Shangazi yangu alitoa wa kulia, wakamuambia iko muzima. Akarudi, akaanguka mbele ya mafiga.”

“Na jirani yangu wa nyumbani alitoa wa kushoto,” muzee akarudisha. “ Wakamulaza, hakutoka tena!”

Maman Eulalie akaficha mikono yote miwili chini ya kitenge. Kati ya wale wawili hakuna aliyevaa blouse nyeupe ya munganga, lakini yeye aliwasadiki wote, na moyo wake ulikuwa unadunda kama mutwangio wa majani ya sombe.

Taxi-bus ikasimama mbele ya hospitali. Wale bado wanabishana. Dereva akazunguka, akafungua mulango kwa heshima.

“Maman, lete mukono nikushushe.”

Maman Eulalie akafunua kitenge, akatazama mikono yake miwili, hakujua atoe upi.