Hapana Kuzika Medali Chini ya Mulango

Bamama wenzangu ba kanisa, musinipe kiti. Hii mambo naisema nikisimama. Masomo sikupata mingi, lakini majina ya bantu sisahau hata moja. Bale balinitendea mabaya nabajua bote, na majina yao ya ubatizo. Leo sitabataja. Bengine bamekaa humu ndani.

Bwana yangu alikuwa anatumika ku furu, ile tanuri ya kuyeyusha shaba. Kifua kikamumaliza. Matanga haijaisha, tukaambiwa nyumba ya kambi ni ya muntu wa kazi, si ya mujane. Nikatoka na batoto babili, bote banamuke. Shemeji yangu mukubwa akakuya kutoka kaskazini.

"Nitakurithi," akasema. "Ukikataa, rudia kwenu. Batoto ni ba ukoo yetu."

"Mi nilifunga ndoa na muntu moja mbele ya padri. Hapana na familia muzima."

Akacheka. "Utabalisha na nini, peke yako mu Élisabethville? Mvua ikiisha, nakuya kubabeba."

Ndugu zangu, nawaambia, kila chungu nilipika kisha ile siku haikuwa ya kuuza tu. Nilipika juu ya kulinda batoto bangu.

Nikapanga chumba mu site, ile mutaa ya bantu inje ya kambi, nikaanza kuuza munkoyo, ile kinywaji ya unga na mizizi. Bantu balipita tu. Jirani yangu, muuzaji wa zamani, akanivuta pembeni.

"Dada, uko mutoto? Hakuna muuzaji hapa mwenye hana dawa chini ya mulango. Ile dawa njo inaita bantu."

"Mi niko Mukristu."

"Hata mi! Njo maana nilizika medali ya Mama Maria. Kazi ni ileile."

"Mama wa Yesu umemufanya mulinzi wa chungu?"

Akanitukana, akaenda. Mi nikasali: Bwana, mikono ni yako, itumikishe. Kisha nikachuja munkoyo mara mbili, nikaifunika na kitambaa safi, nikaosha makopo na maji ya moto. Nikatandika mukeka kwa bale banatoka ku furu na miguu ya kuchoka. Akakuya moja, akaleta wenzake. Polepole, chungu ikaanza kuisha mbele ya jua kuzama.

Lakini hapa kwetu, ukikosa, umerogwa, ukipata, umeroga. Bakaanza kusema: "Yule aliuza roho ya bwana yake juu ya dawa! Dawa yake ni ya nguvu kupita yetu yote." Neno ikafika ku shemeji. Akakuya na mukubwa wa site, lupango yangu, kiwanja ya nyumba, ikajaa bantu.

"Tuchimbe," shemeji akasema. "Tukikuta dawa, batoto nabeba leo."

Jirani yangu akaninongoneza: "Kimbia na batoto, haraka!"

Nikaingia mu nyumba, nikatoka na jembe mi mwenyewe. "Chimba, shemeji. Anzia ku mulango."

Akachimba mulango. Akachimba mafiga. Akasukuma hata kitanda, akachimba. Bulongo tu, udongo mutupu. Jasho ikamulowesha shati yote, akalia: "Basi iko ndani ya roho yake!"

"Njo hapo iko," nikamujibu. "Na jembe yako haifike."

Mukubwa wa site akacheka mupaka machozi. Akasema batoto babaki na mama yao. Muzee moja wa ku furu akakaa juu ya ile bulongo, akanyoosha mukono: "Mama, kopo yangu iko wapi?"

Asante ya ule muzee. Asante ya padri mwenye alinisemea ku mukubwa wa site. Asante ya ule mama alinikopesha chungu ya kwanza. Ule mama mwenyewe iko hapa, anajificha mu kitambaa. Mama, nimekuona!

Na nyiye bengine, munasema sasa: sali sana, utafanikiwa. Bamama, Mungu hapana nganga. Medali ni ya kuvaa ku shingo, si ya kuzika. Kufanikiwa kwangu si chungu kuisha. Ni kujua mi niko wa nani, chungu ikiisha au ikibaki. Kuko siku munkoyo yangu iliharibika yote. Niliimwaga, nikaosha chungu, nikasali rozari yangu, nikalala usingizi muzuri. Sikuuliza nani aliniroga.