King'ora cha Mlango wa Stoo

Jumapili Afande, mlinzi wa jengo la maofisi, alilihamisha benchi la kijiweni kwa mikono yake na kulibana kwenye mlango wa stoo wa nyuma, uliokuwa umefungwa miaka. Pale kulikuwa na kivuli, na geti lote lilionekana. Sasa ilikuwa Ijumaa, kahawa ilikuwa inampoa mkononi, na roho yake haikuwa mahali pake. King'ora kilikuwa kimelia mara sita tangu Jumatatu bila mwizi hata wa dawa, na meneja alishamwambia: kikilia tena, kesho asijisumbue kuja.

— Betri hiyo, — alisema Ushahidi, karani mstaafu wa mahakama, asiyekosa hukumu ya jambo lolote. — Ikizeeka inaweweseka.

— Nimeweka mpya juzi, Mzee.

— Basi buibui. Anapita mbele ya kile kijicho, chombo kinadhani jambazi.

— Nimefagia ofisi zote. Buibui wa watu nimewahamisha na watoto wao.

Tani Mbili, dereva wa lori ambaye mwili wake ulilistahili jina, alivuta funda la kahawa.

— Nyie hamjui kitu. Kile king'ora cha ghala la ng'ambo ya barabara ni mwenzake. Kinamwita.

— Kinamwita afanye nini?

— Afande, una mke na watoto wanne, halafu unaniuliza mimi?

Benchi zima likaangua kicheko. Tani Mbili akajitupa nyuma kwa raha, mgongo ukagonga mlango, na king'ora kikaanza kulia.

Afande alitoka mbio, akabonyeza namba zake, kikanyamaza. Alirudi akichungulia getini. Afadhali meneja alikuwa hajafika.

— Umeona? Nimemtaja mwenzake tu, kimesikia, — alisema Tani Mbili.

— Sikubali, — alisema Ushahidi. — Hiki kinachukia kicheko. Jumatatu tulimcheka shemeji yako, kikalia. Jumanne tukacheka viatu vya Afande, kikalia. Kuanzia sasa tuhuzunike.

Wakahuzunika. Hata Mama Kahawa aliinamisha kichwa juu ya birika lake. Ndivyo alivyowakuta dada mpya wa usafi, aliyekuja na kikombe chake.

— Shikamooni. Poleni na msiba. Samahani, kuna kidude cha king'ora kimefungwa kwa ndani ya huo mlango mnaouegemea. Ni cha kazi gani?

Tani Mbili aliuondoa mgongo wake mlangoni taratibu, kama mtu anayeepua sufuria ya moto. Afande alitamani ardhi immeze. Kisha gari la meneja likapiga honi getini.

— Inueni, — alinong'ona.

Meneja alipofika nyuma, benchi lilikuwa katikati ya uwanja, juani, na wote wamekaa wima wakifinya macho.

— Afande, umeipata shida?

— Nimeipata, bosi. Mlango wa stoo ulikuwa unasukumwa.

— Na nani?

Afande akatazama viatu vyake. Ushahidi naye hakuwa na ushahidi. Tani Mbili akaona heri akaongezewe kahawa, akageuka, na mgongo wake wote ulikuwa na vumbi la kijani, kijani kile kile cha mlango wa stoo.

Mama Kahawa akalitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Meneja aliutazama mgongo, akautazama mlango, akamgeukia mlinzi wake.

— Kesho njoo kazini, Afande. Benchi lisije.