Tayta Wenseslao na Zamu ya Maji ya Toribio

Marehemu Wenseslao Anccasi Ccoyllo, mzee tuliyemwita Tayta, yaani baba, alizaliwa tarehe 28 Septemba 1951 katika kitongoji cha Yanapuqyo, milimani, sehemu ya juu kabisa ya wilaya yetu. Inasemekana alitoka tumboni akimkazia mkunga jicho.

Mwaka 1960 aliingia shule ya msingi, akashuku kwamba mwalimu anawatukana wanafunzi kwa Kihispania, lugha ambayo bado hakuijua. Lugha ilipomwingia, akakuta kweli. Akaacha shule.

Alifunga ndoa na Mama Basilia tarehe 12 Agosti 1974, baada ya kumchunguza katika vitongoji vyote vya jirani. Mama naye alikuwa ameshamchunguza zamani.

Kazi iliyompa jina ni ugawaji wa maji. Kila mwaka, siku ya kusafisha mfereji, wanakijiji walimkabidhi tena fimbo ya maji, alama ya mgawaji, maana alimshuku kila mtu sawasawa. Kisha ikawa kila alfajiri mabonge ya nyasi yanayoziba mfereji yanakutwa yameng'olewa, na maji yanachuruzika kuelekea shambani kwa Tayta Toribio, aliyekuwa kompadre wake, kwa kuwa marehemu alikuwa baba wa ubatizo wa binti yake. Marehemu akawa anauziba upya kila asubuhi, akamnyima Toribio zamu ya maji misimu miwili. Maharage ya Toribio yakakauka.

"Kompadre, naapa kwa mlima, sikugusa hata bonge moja!" alilia Toribio.

"Mwizi hula kiapo kama supu," alijibu marehemu.

Septemba 2019 kifua kilimbana. Dawa za zahanati alizikataa mpaka nesi ameze kwanza. Alfajiri moja akataka abebwe mferejini, amkamate mwizi kabla yeye mwenyewe hajafa. Mama Basilia na sisi wanawe tukajibanza naye nyuma ya ukuta wa mawe. Akaja fahali wa marehemu mwenyewe, akachomeka pembe, akang'oa mabonge ya nyasi yaliyoziba mfereji, akanywa.

Marehemu akamnyooshea fahali fimbo. "Toribio kamhonga."

"Kwa kitu gani, mzee?" akauliza Mama Basilia. "Kwa maharage yaliyokauka?"

Siku ileile marehemu alimwita Toribio, akamwambia amwagilie wa kwanza, kabla hata ya shamba letu.

"Mtego uko wapi, kompadre?" aliuliza Toribio.

"Zizini. Nimeufunga kamba, una pembe. Nisamehe."

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2019. Ameacha mjane, Mama Basilia, watoto wanne, wajukuu tisa, na fahali mmoja.

Mungu ampumzishe kwa amani ambayo hatakuwa na haja ya kuichunguza. Nawe, Tayta Toribio, acha kutukodolea macho. Maji yako yamefunguliwa tangu asubuhi. Tukishafukia kaburi, nenda kaangalie mwenyewe.