Kocha Kuwabara na Jioni Tatu za Chakula Kilichopoa

Sasa hivi Chisato ameilisha wali picha ya Kocha. Nilikuwa nimeiweka mezani niibandike juu ya ukurasa huu, nikageuka kuzima jiko, na binti yangu wa miaka miwili akaona mzee hajala. Nimeifuta, ila doa limebaki mdomoni. Wasomaji wa jarida la kiwanda mtatusamehe.

Kocha Kuwabara Tetsuji anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka arobaini na miwili katika kiwanda chetu cha karatasi. Alikuja na miaka kumi na minane, kichwa bado kimenyolewa kama wanafunzi wote wa besiboli. Miaka kumi na minne alikuwa mdakaji wa timu yetu, tisa akawa msaidizi, na hii kumi na tisa ya mwisho ndiye kocha mkuu. Asubuhi alisimama kwenye mashine ya kukata karatasi kama wenzake. Saa nane mchana alikuwa uwanjani na sare, namba 80 mgongoni.

Mengine mnayajua. Uwanja aliusawazisha mwenyewe kwa reki, na kila kokoto aliyoiona aliitia mfukoni. Mashine ya kufulia ya bweni imekufa mara mbili kwa ajili ya mifuko hiyo. Kidole chake cha shahada kilivunjika akiwa mdakaji, akaendelea kudaka mpaka mechi ikaisha, na kimepinda hadi leo. Alikuwa mkali. Mchezaji akikosa mpira wa chini, alipigiwa mingine hamsini. Akikosa wa hamsini, wanaanza tena moja.

Mimi nimeombwa kuandika kwa sababu napika katika bweni la wachezaji, na ya mwaka jana yalitokea mbele ya sufuria zangu. Kocha mwenyewe kaniambia, "Andika na ile ya kiangazi. Ukiificha watadhani anastaafu malaika."

Basi. Mwezi wa Juni, mechi ya kufuzu, Tsukuda, mrushaji wetu, alirusha mipira mia moja sitini na miwili, mingi kuliko mkono unavyostahimili. Kocha hakumtoa. Tukafungwa kwa pointi moja, na kesho yake kiwiko cha Tsukuda kilikuwa kimevimba kama andazi la mvuke. Daktari akasema kano imechanika.

Hapa bwenini hakuna anayeshika vijiti vya kulia kabla kocha hajasema, "Haya, tule." Jioni ile alisema. Wachezaji ishirini na sita wakaweka mikono magotini, wakautazama mchuzi wa kari ukipoa. Kocha akala peke yake, namsikia akitafuna mpaka jikoni. Jioni ya pili vilevile. Ya tatu nahodha Isobe, yule wa kitengo cha kufunga mizigo, akasimama.

"Kocha, tumekubaliana. Ijumaa tunarudisha sare zote ofisini."

"Kwa sababu tumefungwa?"

"Kwa sababu Tsukuda si reki. Tena ungevunja reki, ungelia."

Ofisi ilishasema kwamba sare zikirudi, timu inavunjwa. Bweni lingefungwa nalo, na mimi na Chisato tusingekuwa na kazi wala chumba.

Kocha akaja jikoni na bakuli lake mkononi. "Nilimuuliza mara tatu, Mama Chisato. Mara tatu kaniambia yuko sawa."

Nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimekosa mara mbili. Nikamwambia, "Tsukuda anakula kwa kijiko, mkono wa kushoto, tangu wiki mbili kabla ya mechi. Nyama namkatia mimi. Aliniomba nisiseme. Hapa anayesema anaumwa anapoteza nafasi yake."

"Nani kaweka sheria hiyo?"

"Wewe, Kocha. Kila Aprili wakija wapya, unawasimulia hicho kidole."

Alikitazama kidole. Kisha akakaa juu ya gunia langu la mchele, akaniomba chai.

Jioni ya nne aliingia, akaenda moja kwa moja mbele ya Tsukuda, akainama mpaka nikaogopa mgongo wake. "Nilikukosea," akasema. "Namba yako haivaliwi na mtu mpaka urudi." Akaketi, akasema, "Haya, tule," akashika vijiti kwa mkono wa kushoto.

Na ilikuwa siku ya maharage ya kuchachuka, yale yanayoteleza! Harage la kwanza likashuka kwenye mkono wa shati. La pili likaruka, likatua katika chai ya Isobe. Ndipo Tsukuda akasema polepole, "Kocha, mpira huo ulikuwa nje."

"Umekosa!" Isobe akadakia. "Hamsini tena!"

Ukumbi mzima ukacheka, na vijiti vikaanza kugonga bakuli kila upande. Mimi nilikwenda nyuma ya friji nikalia kidogo. Sare hazikurudi ofisini.

Kocha alikula kwa kushoto wiki kumi na moja, mpaka Tsukuda aliposhika vijiti vyake mwenyewe. Alipungua, mkewe alinilaumu. Siku hizi anayeumwa ananiambia mimi, namwambia Kocha, na nafasi yake inamngoja. Mpaka sasa wamesema saba. Hakuna aliyepoteza namba. Na Isobe bado wanagombana na Kocha, juzi tu walirushiana kofia, lakini wanagombana huku wanakula.

Jumamosi iliyopita Tsukuda alirusha tena, mipira kumi na miwili. Kocha alihesabu kwa sauti, na wa kumi na mbili ulipotua akaingia uwanjani kuchukua mpira, ndiyo kumtoa. Tsukuda aliomba mmoja zaidi, akakataliwa. Sijaona mtu aliyefurahi vile kwa kukataliwa.

Asante, Kocha. Magoti yako yapumzike sasa, mkeo akuzoee mchana, na kila utakapopita njia hii...

Isobe anagonga dirisha. "Mama Chisato, weka kalamu! Tumemzunguka mzee, tunamrusha juu kama tumebeba kombe, naye anang'ang'ania miwani yake. Anasema atakuachia wewe tu uishike!"

Naja, naja. Basi Kocha, uende salama, na ujue kwamba tangu jioni ile hapa jikoni hakuna hata bakuli moja lililorudi na chakula kilichopoa.